Kijana wa Oginosawa

Mimi ndiye kijana hapa. Nina miaka sitini na tisa.
Theluji ikipita magoti, simu yangu ndiyo inayolia:
kwanza Bi Kiyono, kisha mapacha wa nyuma ya kinu,
kisha mtu asiyejitaja, anakohoa tu, nami namjua.
Nabeba sepeto, nabeba kamba, napanda paa la jirani
kwa goti moja la nyama na moja la chuma.

Tulikuwa kaya arobaini na mbili. Leo zinawaka taa kumi na moja,
na mojawapo naiwasha mwenyewe, nyumbani kwa marehemu Sadaharu,
kwa kuwa Bi Kiyono akichungulia usiku
akaona giza upande ule, hapati usingizi.
Umeme nalipa mimi. Msimwambie.

Tuna vitambaa vya manjano. Ukiamka, tundika mlangoni;
jua likizama, anua. Ndiyo hodi yetu: nipo.
Gari la posta hupunguza mwendo, dereva anahesabu kumi.
Siku moja alihesabu tisa,
akarudi kinyumenyume, akahesabu tena.
Bi Tomeno tulimkuta jikoni, kitambaa mkononi,
kimepigwa pasi.

Watu wa mkoa walikuja na ramani na chai ya chupa.
Mjini kuna lifti, walisema, kuna daktari,
kuna barabara isiyofungwa majira ya baridi.
Walisema kwa adabu. Hawakukosea.
Mmoja akauliza, "Sasa hapa mnangoja nini?"
Mzee Tokuji, tisini na tatu, akajibu, "Mpunga."
Ilikuwa Februari.

Kibanda cha mungu wa mlima hutaka mabega kumi na sita.
Sikukuu iliyopita tulikuwa na mabega mazima matano.
Tukakipakia kwenye kigari cha kabichi,
nikaendesha mwendo wa konokono,
na wenzangu wakafuata wakikigusa kwa ncha za vidole,
mungu asije akajua.

Vuli, Machiko binti Tokuji amerudi, amestaafu reli.
Sitini na moja. Analalamika choo ni baridi.
Nimemfundisha fundo la kamba, na wapi paa la Kiyono limeoza.

Jana theluji ilianguka usiku kucha.
Simu yangu haikulia hata mara moja.
Nililala macho wazi, nikisikia sepeto la mtu mwingine,
na goti, lile la nyama,
likaanza, hatimaye, kuzeeka.