Plagi za Ermanno

Nne, juu ya gazeti kuukuu la Biella,
nyeusi tititi kama masufuria ya matanga.
"Umenunua za mashindano," Delfina anasema,
akiinusa moja kama anayekagua samaki.
"Baridi mno hizi. Na wewe gari unalitoa Jumamosi tu,
kwenda kununua jibini."

Ermanno anajitetea: baba alishindana nazo mlimani,
mwaka wa sitini na tatu.

"Baba yako alikuwa na haraka."

Anamchagulia za joto, za bei ya chini,
anapima mwanya kwa kibati chembamba kama ukucha,
anagonga kidogo, anapima tena.

Ufunguo. Kikohozi. Kikohozi.
Kisha silinda zinaitikia: ya kwanza, ya pili, ya nne,
na ile ya tatu, yenye kisirani,
baadaye kidogo,
kama mzee, aliyezoea kucheka wa mwisho.