Desibeli Nne

Kurasa thelathini na mbili za ripoti,
thelathini na moja hazina ugomvi nasi.
Ya kumi na tisa ina mstari mwekundu
na mlima mwembamba unaoutoboa
kama msumari uliochomoza chini ya godoro.
Desibeli nne juu ya kikomo.
Cheti hakuna.

Korosho hazisubiri desibeli.
Oktoba imeshaingia Newala, magunia yanapandana ghalani,
na vipimo vyetu arobaini vya unyevu
vimelala ndani ya boksi la sabuni,
bubu kwa amri.

Nikakuweka mezani, wewe wa gramu mia mbili, nikakuuliza:
ulitumwa useme neno moja kila nusu saa,
unyevu tisa, unyevu kumi, basi.
Nani kakufundisha kulirudia
kwenye masafa mara tatu ya yako,
kama mgeni anayeitikia hodi
iliyopigwa nyumba ya jirani?
Hukujibu. Kataa yako ilikuwa taa ya kijani,
ikipepesa.

Mjini hapapimiki. Mnara wa simu,
televisheni za vibandani, mashine ya Mnyachi ya kuchomelea;
kwenye kioo majani tu, majani,
na wewe umejificha humo kama kware.
Chitanda akasema: twende bondeni,
chini ya mteremko, kule wanakopalaani,
kule mtu hupanda kichuguu ampigie mkwewe.
Miaka yote tumeandika barua za malalamiko,
jamani, hata kijiti kimoja cha mtandao.
Siku hiyo nikashukuru hakuna aliyejibu.

Bi Somoe akatuazima mtungi.
Tukaupindua uani, tukakusimamisha kwenye kitako chake,
antena mita tatu, tumezipima kwa futi ya fundi cherehani,
nami nikauzungusha kwa mkono,
kidogo, andika, kidogo, andika,
mpaka kuku wakatuzoea.

Kwanza tukakuvika kopo la maziwa.
Ukapayuka zaidi.
Debe tupu, Chitanda akacheka.
Si tupu, nikamwambia, limeshikwa kona moja tu.
Nikalichomelea risasi ukingo mzima, moshi machoni,
ukashuka mbili.
Tukakupunguzia nguvu: ukashuka moja,
na ghala la mwisho halikusikii tena.
Nikakurudishia. Sitaki kukufaulisha kwa kukuziba pumzi.

Nikasokota kitanzi cha waya wa shaba
nikakichovya juu yako, hapa, na hapa, na hapa.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini kata yangu ilitoka kavu.
Jua likahamia upande wa choo.
Nikaanza kuhesabu ada ya kurudi maabara
kwa magunia.

Ni Fakihi, mjukuu wa Bi Somoe, miaka sita,
aliyeushika ule waya mrefu wa kihisi
aone unaelekea wapi.
Mlima ukasinyaa.
Akauachia: ukasimama.
Shika tena, baba. Achia. Shika.
Akadhani ni mchezo, na ulikuwa mchezo.

Kumbe mdomo haukuwa mdomoni.
Wiki tatu nimekufunga kinywa
nawe unasemea mkiani.

Kapasita ndogo kuliko punje ya ulezi
mlangoni pa waya, na njia fupi ya kwenda ardhini,
fupi kweli, si ile yangu ya kuzunguka bodi nzima
niliyoichora usiku nikiona fahari.
Chitanda akasoma kioo mara mbili kabla ya kutamka.
Saba chini ya pale ulipokuwa.
Maabara watasema lao; mtungi si maabara.

Bi Somoe akafuta kitako cha mtungi wake kwa kanga,
akatukagua, sisi na nyaya zetu.
Mwari tunamfunza hivyo hivyo, akasema,
ya ndani yabaki ndani; lakini yeye tunamfunza mwezi mmoja.
Halafu: na mtandao je, mnatuletea lini?

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Tulipopandisha mteremko, kichuguuni
palikuwa na mtu amesimama kwa vidole vya miguu,
simu juu ya kichwa,
akiigeuza kidogo, kidogo.