Uniti Tatu na Nusu

Saa moja jioni Lugwisha alifunga mlango wa chumba,
akasema, "Mama, nisiitwe,"
kisha akaufungua tena kuuliza mita inasoma ngapi.
Tatu nukta tano.
Nikachomoa friza.

Mashine ameiunga mwenyewe kwa mabaki ya Makoroboi:
kioo cha gesti iliyofilisika,
usukani wa bomba la maji,
na chini, penye nyayo zake,
ule ubao wa kukanyagia wa cherehani yangu.
Miaka kumi na tisa niliukanyaga
wala haukunitoa hapa Mabatini.
Leo umeondoka Sidni.

Kufika Santiago ni saa kumi na mbili na nusu.
Nikamwambia, si kuna kitufe cha kupeleka mbele,
kama tunavyoruka matangazo?
Akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani.
"Kuna abiria mia mbili na kumi na wawili, mama.
Nao niwaruke?"

Basi nikaketi, wa mia mbili na kumi na tatu,
juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
kitenge magotini.
Baadaye nikapita na chai na matobolwa,
na kwa kuwa wengine hawakunyoosha mkono
tukala sisi wawili.

Dirishani kwangu ziwa huonekana kipande tu,
upana wa kanga, katikati ya mawe mawili.
Siku zote nilidhani yale ni maji mengi.

Saa nne akasema bila kugeuka,
"Mstari ule pale. Tukiuvuka,
Jumanne inarudi kuwa Jumatatu."
Nikatua kikombe.
Marejesho ya kikoba ni Jumanne, nikauliza,
nayo yanarudi?
Akacheka mpaka ndege ikayumba.

Na mtu akiuvuka tena, na tena?
"Unapewa siku moja, mama.
Ukizunguka dunia, unanyang'anywa."

Siku moja.
Mimi siku moja hainitoshi.
Ninakotaka kurudi ni vuli ya mwaka juzi,
kabla simu haijaita kutoka Bugando.
Hilo sikulisema.
Naye alinyoosha mkono, akapunguza taa,
akasema taratibu, "Abiria walale,"
na sote tukajifanya tumelala.

Saa nane, kusini kabisa.
"Kulia kwenu," akatangaza kwa sauti ya puani, "ni barafu."
Nikachungulia.
Weupe juu ya weupe, ambao hakuna mtoto
aliyewahi kuulilia kwa shilingi mia.
Nyuma ya pazia friza ilikuwa ikidondosha,
tone, kimya, tone:
mifuko yangu mia na arobaini ya ubuyu.

Saa kumi mita ikaanza kulia.
Nukta tatu.
Nikatoa elfu mbili kwenye ile ya Jumanne,
nikapanda stuli, simu mkono huu, kidole cha mkono ule,
tarakimu ishirini.
Nikakosea ya kumi na saba.
Watu mia mbili na kumi na wawili wamelala juu ya maji yasiyo na kisiwa,
hawajui kwamba roho zao anazo
mwanamke mwenye miwani ya kuazima.
Nikaanza upya, nikizitamka moja moja
kama anayehesabu vifaranga.
Mita ikakubali.

Saa moja na nusu akaishusha.
Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa.
Nilipiga makofi peke yangu.
Akatuomba tubaki vitini
hadi taa ya mikanda izimike,
nami nilibaki, ijapokuwa mlangoni
sarafu za wanafunzi zilikwisha anza kugonga bati.

Mbuke wa darasa la tatu akaubonyeza mfuko wake,
ukabonyea.
"Mbona ya vuguvugu?"
Imetoka mbali, nikamjibu.
Akautazama kidogo,
akaung'ata pembeni, akanywa.