Rimoti Anashika Mama

Tangu turudi KCMC mara ya tatu
rimoti anashika Mama.
Betri zimelegea, kifuniko kilipotea zamani;
tumezibana kwa plasta iliyobaki,
ndugu ya ile aliyobandikwa mkononi, palipoingia dripu.

Sheria ni zake, na hazina rufaa.

Taarifa ya habari, hapana.
"Mafuriko nimeyaona, ajali nimeziona,
bei ya sukari nitaambiwa na Mangi dukani."
Anabonyeza.
Tamthilia: mama mkwe anatia sumu kwenye uji wa mkamwana.
"Huyu naye hana shamba la kupalilia?"
Anabonyeza.
Mhubiri wa suti nyeupe anaita wagonjwa waje waguse kioo.
Mama anamtazama kitambo,
anapunguza sauti taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka,
ndipo anabonyeza.

Kaka Eliamringi anataka mpira.
Anaambiwa aende Majengo akatazame na wenzake,
humu ndani hatutaki habari za kufungwa.

Mwisho tunatua kwenye shindano la mapishi.
Watu wanane, aproni za kijani.
Anayeunguza wali hafukuzwi,
anapewa sufuria nyingine.
Hapo Mama anaficha rimoti chini ya mto.

Na dawa zimemnyang'anya ulimi!
Chai, anasema, ina ladha ya msumari.
Papai la Rau, sabuni.
Maji yenyewe, sarafu.
Lakini macho hayajakatazwa na daktari,
basi anakula kwa macho, anagomba kwa mdomo:
"Subiri mafuta yachemke, wewe!
Nani kakufundisha kugeuza samaki kama godoro?"
Yupo kijana mmoja mwenye mwanya, msahaulifu wa chumvi.
Mama anamwita Mwanya, basi,
na usiku anamwombea kwa zamu yake:
baada ya sisi, kabla ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa mtu wa habari.
Niliona kuhamisha chaneli ni kukimbia vita.
Siku hizi najua vita vinakaa wapi:
saa moja asubuhi, benchi la mbao,
faili mapajani, namba arobaini na mbili.
Havihami. Vitatusubiri,
hata tukicheka usiku kucha.

Alhamisi, wali unakaribia kukauka,
Mwanya anapapasa rafu akitafuta chumvi,
Luku ikaisha.

Giza. Mbwa wa Kiborloni wakafungua kikao.
Simu ya Eliamringi haina salio, Mangi ameshafunga.
Dirishani Kibo kilibaki cheupe kidogo,
sahani iliyosahaulika mezani.

Tukakaa hivyo.

Kisha sauti, kutoka kwenye kochi:
"Sasa Mwanya anamenya ndizi. Mshare, siyo mchezo.
Anazibandika na nyama ya mfupa.
Hana haraka, mnamwona? Ametulia leo."
Akaendelea. Majaji akawapa majina ya shangazi zetu,
Aikaeli akamnunia Ndeanasia kwa ajili ya kitunguu,
wakapatanishwa kwa jani la isale
mbele ya kamera, watu wanapiga makofi.
Eliamringi alicheka hadi akagonga goti kwenye stuli,
akalia kwa goti, akacheka tena.

Mimi nilishajinyanyua.
Niliwasha mkaa, nikawa nafuata sauti.
"Mwanya, punguza moto!"
Nikapunguza.
"Mwanya, ponda, usipapase!"
Nikaponda.
"Mwanya, mwanangu, chumvi."
Nikatia, mkono ukitetemeka,
sijui ni kwa moshi.

Saa tano kasoro mtori ulikuwa kwenye bakuli.
Akaonja. Akakunja uso.
"Msumari," akasema.

Akala vijiko vinne.

Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akapapasa chini ya mto,
akanikabidhi rimoti nimtunzie hadi kesho.
"Na mnunue umeme mapema," akasema.
"Nataka kujua kama yule mtoto
aliipata ile chumvi."