Niombee, Basi

Mvua ya Tukuyu haijui Jumapili.
Inapiga bati la wodi
na Ambakisye, aliyenifundisha fizikia,
aliyesema kengele ya kanisa ni shaba iliyogongwa tu,
ananivuta mkono wa sweta:
"Atupele. Niombee, basi."

Nilikuwa namenya parachichi.
Kisu kikasimama.

Miaka thelathini nilitunza jibu la siku hii,
lenye sura na aya, limenyooshwa kama kitenge cha sikukuu.
Sikulikuta.
Sikumuuliza kama sasa anaamini.
Mwenye kiu haulizwi alikitukana kisima lini.

Nikafumba macho. Yeye hakufumba,
alikuwa anahesabu matone ya dripu.

"Bwana, huyu ni Ambakisye.
Anasema hakujui.
Mimi namjua: alinilipia ada ya kidato cha tatu
akaiita mkopo, hakudai.
Usiku mgongo unamuuma. Mshikie hapo."

"Fupi hivyo?"
"Hata mitihani yako ilikuwa mifupi."
Akacheka, akakohoa, akacheka.

"Amina hujasema."
"Hiyo nimekuachia."

Akatazama dirishani, ukungu umeshuka mpaka migombani.
Hakuisema.
Parachichi lilikwisha kuanza weusi.
Tukalila hivyo hivyo.