Zamu ya Ijumaa, Saa Moja

Karatasi ilisema miezi sitini na tisa.
Nikaihesabu kwa umri wa Venla, si kwa fedha:
leo ana miaka tisa, bado anaogopa lifti;
siku tutakayomaliza atakaribia kumi na tano
na atanionea haya mbele za watu.

Yuro mia moja na sabini, kila tarehe tatu.
Nilibonyeza kitufe, simu ikanishukuru.
Nilidhani nitajisikia mwepesi.
Nikajisikia kama mtu aliyeng'olewa jino,
ulimi unakwenda palepale, palepale,
kupapasa shimo.

Dawa ya deni kulipa, hilo tunalijua.
Hakuna anayekuambia dawa yenyewe hunywewaje,
kabla ya chakula
au badala yake.

Na wasemao kukopa harusi: harusi gani?
Nilikopa saa nane za usiku, kwa kidole kimoja,
betri ya gari ambalo sasa nimeliuza,
ziba la jino, viatu vya barafu vya mtoto,
mkopo wa kulipia mkopo.
Hata ngoma sikuisikia.

Basi nikaanza kukata.
Nywele, kwa mkasi wa jikoni.
Kahawa, kutoka vikombe vitano hadi viwili,
na hapa Tampere mtu wa vikombe viwili
huulizwa kama anaumwa.
Saa tatu usiku bei za nyama hushuka;
tunasimama mbele ya jokofu la duka, watu sita saba,
kila mmoja ametazama viatu vyake
kama tuliofiwa na mtu mmoja
tusiotaka kusema tulimjuaje.

Haya yote niliyaweza.

Lakini chini ya jengo letu kuna sauna,
chumba cha mbao, mawe ya moto, ndoo na kata,
na kila nyumba ina saa yake kwa juma.
Yetu ilikuwa Ijumaa, saa moja jioni.
Yuro kumi na tano kwa mwezi.
Nilimwandikia msimamizi: tumeiacha.
Maneno mawili, na ndiyo yaliyonivunja.
Nililia bafuni bomba likiwa wazi
ili Venla asinisikie,
kisha nikalifunga. Maji nayo yana bili.
Nikamalizia kulia kavukavu.

Zamu ikachukuliwa na Raimo wa ghorofa ya tatu.
Kila Ijumaa nilimsikia akipanda ngazi polepole,
masikio mekundu, taulo shingoni,
nami nikamchukia, mjane wa watu,
kwa joto nililomwachia mwenyewe.

Mwezi wa nne akagonga mlango.
Akauambia ukuta ulio kando yangu:
"Nusu saa yanitosha. Jiko linabaki na moto, bure."
Nikasema asante, tuko sawa.
Nikafunga.
"Tuko sawa vipi?" akauliza Venla,
na mdomo wangu, ambao kazini kwenye dobi la hospitali
haukosi la kumjibu meneja,
ukakosa.

Daftarini: elfu kumi na moja na hamsini.
Nimeiandika kwa kalamu ya risasi, sijui kwa nini,
labda kwa woga kwamba itarudi nyuma.

Leo Ijumaa. Nje giza tangu saa tisa mchana,
theluji imelala juu ya baiskeli za watu.
Nimesimama katikati ya ngazi na taulo mbili,
sipandi, sishuki.
Raimo amepita, nywele mbichi,
akaitikia kwa kichwa, basi.

Sijajua bado kupokea kitu
bila kutafuta riba yake, nyuma ya karatasi,
maandishi madogo.

Mlango wa chini umegonga.
Venla hakunisubiri.
Amemwagia mawe maji kupita kiasi,
namsikia anakohoa, anacheka,
ananiita nije nifunge mlango,
joto linatoka.