Sentimita Mbili

Tumesimama saa nzima dukani, Broken Hill,
mimi na dada yangu Maree, mbele ya rafu ya masanduku,
kama watu waliokuja kuchagua jeneza
na hawajakubaliana nani atakufa.

Yeye anataka ya plastiki inayoonyesha.
"Nione," anasema, "nione maharagwe yalipo,
nisipekuepekue gizani kama mwizi wa mali yangu."
Mimi nataka yale meusi, ya bati nene,
yenye raba ukingoni na makomeo mawili,
kwa kuwa naijua barabara ya kaskazini:
vumbi lake jekundu halipigi hodi.
Huingia ndani ya saa. Huingia kwenye mkate uliofungwa.
Mwaka ule tulipokwenda na baba
tuliitafuna barabara siku nne.

Nina futi kamba mfukoni, nina karatasi ya vipimo.
Upana wa buti, mia moja na nne,
ila zile nundu mbili za magurudumu
zinakula kumi na moja huku, kumi na moja kule.
Kimo, hadi chini ya kioo cha nyuma, arobaini na tatu.
Sanduku langu jeusi lina arobaini na tano.

Sentimita mbili.
Ningeweza kuzimeza. Ningeweza kusema, litaingia tu, tutalisukuma.
Maree anasoma karatasi juu ya bega langu,
anashusha pumzi puani, hasemi neno,
na kunyamaza kwake nakujua
tangu yeye ana miaka saba, mimi tisa,
chumba kimoja, vitanda viwili,
na mstari wa chaki mama aliouchora sakafuni.
Tuliulinda kama askari wa mpakani.
Mwanasesere aliyevuka hakurudi.
Leo ana sitini na mbili, mimi sitini na nne,
tunagawana buti la gari.

Kijana wa duka, Dougal, jina liko kifuani,
anasogea na ufagio wake.
"Madogo manne," anasema, "yanashinda makubwa mawili.
Kubwa mkishalijaza, nani atalinyanyua?"
Tunatazamana. Mgongo wake. Goti langu.
Hakukusudia kutukana,
lakini ametupima kuliko futi kamba.

Basi, manne. Ya kijivu:
hayaonyeshi, si ya bati,
raba nyembamba, mfuniko unaoitika ta!
Kimo thelathini na sita.
Hakuna aliyeshinda, na bei imepungua.

Uani tunapanga, tunapangua, tunapanga.
Hema likae mlangoni, juu ya vyote,
mvua haikungoji utoe kwanza masufuria.
Jiko la gesi mbali na blanketi.
Maji chini, katikati, pale gari lilipo na kitovu.
Maree ameshika kalamu nene na vibandiko.
"Mali bila daftari," anasema, hamalizii.
VYA KUPIKIA, anaandika.
VYA KULALIA.
VYA GARI LIKITUGOMEA.
Kwenye la nne anasita, kisha: VYA MAREE.
Ananitazama. Ananipa kalamu.
Nachora mstari katikati ya kibandiko,
upande wa pili naandika: NOELEEN.
Anacheka mpaka anakaa juu ya gurudumu la akiba.

Wanasema maji yamefika ziwani,
kule ambako kwa miaka ziwa ni jina tu, na chumvi.
Tunaondoka kabla ya jua.

Kilomita mia tatu baadaye, giza, upepo,
nafungua VYA KUPIKIA, na vumbi halimo, karibu halimo.
Maharagwe yamekaa pale pale yalipoandikiwa kukaa.
Kifungua kopo kiko nyumbani, kwenye droo, kushoto kwa sinki.

Nyundo ya vigingi iko sanduku la pili,
kulia, chini ya blanketi la kijani.
Naipata bila taa.